Sarafu Moja ya Afrika Mashariki: Bahati Iulizwe Kwanza

Machi 2024 picha za noti mpya zilienea kwenye simu za watu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Noti hizo ziliitwa Sheafra, na waliozisambaza walidai kuwa ndizo fedha mpya za Afrika Mashariki yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ililazimika kukanusha: hakuna noti iliyochapishwa na hakuna jina lililochaguliwa. Uvumi ulizimika. Hata hivyo ulituonyesha kwamba wengi walioamini noti bandia hawajawahi kuelezwa habari za mpango wa kweli, ambao upo, una sahihi za marais, na umewekewa mwaka wake.

Mpango wenyewe ulitiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Uhuru Kenyatta, Yoweri Museveni, Jakaya Kikwete, Paul Kagame na Pierre Nkurunziza waliafikiana juu ya Itifaki ya Umoja wa Fedha, kwamba katika miaka kumi nchi zao ziwe tayari kuachana na sarafu zao na kutumia moja. Lengo lilikuwa 2024. Mwaka huo ulifika ukapita, na sasa tunatajiwa 2031. Tangu siku ile ya Kampala wameingia pia Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia, na Jumuiya ina nchi nane. Itifaki inaruhusu nchi tatu tu zilizotimiza masharti zianze, nyingine zifuate.

Nayaandika haya nikiifikiria Bahati, nyanda hizi za kaskazini mwa jiji la Nakuru, kuanzia Kiamaina na Kabatini hadi Dundori, Wanyororo na Maili Kumi, ambako watu wanaishi kwa mahindi, viazi na maziwa. Neno umoja wa fedha likitajwa huku, wengi hudhani ni mambo ya mabenki ya Nairobi. Ukweli ni kwamba thamani ya shilingi imo ndani ya kila mfuko wa mbolea unaoshushwa hapa, ndani ya kila lita ya dizeli inayochomwa na lori la viazi, na ndani ya riba ya mkopo aliochukua mtu kununua ng'ombe wa gredi. Anayebadilisha fedha ya nchi anagusa vyote hivyo kwa mpigo mmoja.

Msimamo wangu nausema mapema. Nchi zetu zinastahili kukaribiana, tena sana, lakini Kenya isiiachie shilingi yake mwaka 2031 kwa masharti yaliyoandikwa sasa. Sababu yangu kubwa imetoka katika historia ya Bonde hili la Ufa lenyewe.

Hapa fedha iliwahi kubadilishwa na wakubwa. Mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, Kenya ilitumia rupia ya India, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Walowezi waliotwaa ardhi kuanzia Naivasha na Nakuru hadi Njoro na Solai walikopa kwa rupia na kuwalipa vibarua kwa rupia. Mazao yao, kama kitani na kahawa, waliyauza London kwa pauni. Vita vilipokwisha bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia, iliyotengenezwa kwa madini hayo, ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaamua kuifunga rupia kwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni.

Tupige hesabu. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000 alidaiwa pauni 1,000. Baada ya uamuzi ule, bila kukopa chochote zaidi, akawa anadaiwa pauni 1,500. Ikaja florini, ambayo haikudumu, kisha ikatolewa shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya mwaka 1921 yenye simba upande mmoja na Mfalme George wa Tano upande wa pili. Rupia moja ilikuwa florini moja, na florini moja ilikuwa shilingi mbili. Msimamizi wa fedha hizo alikuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919 na kufanya kazi zake London.

Walowezi hawakutaka kuibeba hasara ile, wakaanza kutafuta wa kutwishwa. Wazo la kwanza lilikuwa senti. Rupia ilikuwa na senti 100, na shilingi mpya nayo ilikuwa na senti 100. Wakashinikiza kwamba senti ya zamani iliyomo mfukoni mwa mfanyakazi ihesabiwe kuwa senti moja ya shilingi, ingawa kwa haki ilikuwa senti mbili. Kama lingepita, akiba ndogo ya kila kibarua ingekatika nusu kwa usiku mmoja. Halikupita. William McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma katika serikali hiyo hiyo ya kikoloni, alikisimulia kisa hicho kwa hasira katika kitabu chake cha mwaka 1927.

Walichokikosa kwenye senti walikitafuta kwenye ujira. Mwaka 1921 waajiri Wazungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wakati huo huo kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo kwa fedha mpya ni shilingi 16. Ndiyo hali iliyomwinua Harry Thuku na chama chake cha East African Association. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi ulimiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Sisemi sarafu ndiyo iliyoleta hayo yote. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani, kipande kilikuwa kinawaudhi watu, na ardhi ilikuwa imekwisha chukuliwa. Lakini tazama jinsi mzigo ulivyosafiri. Ulianzia kwenye daftari la deni la mwenye shamba, ukateremka hadi kwa mtu aliyelipwa kwa tikiti ya siku 30 za kazi, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu rupia wala florini. Mabadiliko ya fedha huzaa hasara inayotafuta wa kuibeba. Isipoandikwa mapema ataibeba nani, itamwangukia asiye na kiti mezani. Hilo ndilo ninalotaka wajukuu wa vibarua wale, ambao ndio wenye mashamba madogo ya Bahati leo, waliulize kabla ya yote.

Shilingi ile ya pamoja ilidumu zaidi ya miaka 40. Zanzibar iliingia mwaka 1936. Aliyelipwa Nakuru aliweza kununua bidhaa Kampala au Moshi kwa sarafu ile ile, na wanaotetea umoja wa leo hupenda kutukumbusha hilo. Wana haki ya kukumbusha. Ila wasiache kusema kwamba nyuma yake palikuwa na mtawala mmoja, hazina yake ilikaa London, na kwa miaka mingi Bodi haikuruhusiwa kuzikopesha serikali za huku hata kidogo. Uhuru ulipokuja, serikali mpya zilitaka kujenga barabara, shule na viwanda, na zilitaka benki zinazosikiliza mahitaji hayo. Juni 1965 ikatangazwa kuwa kila nchi itakuwa na benki yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, ya Uganda tarehe 15 Agosti, ya Kenya tarehe 14 Septemba.

Siku hiyo shilingi tatu zilikuwa sawa kabisa. Leo shilingi moja ya Kenya hununua karibu shilingi 20 za Tanzania na karibu 28 za Uganda, na hiyo ni baada ya Uganda kufuta sifuri mbili kwenye fedha yake mwaka 1987. Katika zoezi lile la Uganda serikali ilikata asilimia 30 ya fedha za kila aliyebadilisha. Tofauti hizo zinaeleza vita, vikwazo, siasa za ujamaa na siasa za soko, na maamuzi ambayo kila nchi ilijifanyia yenyewe. Kuzifunga upya pamoja kunataka kazi nzito kuliko kuchora noti.

Ugumu wake unaonekana wazi ukiutazama mwezi mmoja tu, Februari 2024. Shilingi ya Kenya ilikuwa imeporomoka kutoka takriban 123 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi zaidi ya 160 Januari 2024. Watu walikuwa na hofu kwamba hatungeweza kulipa hati ya dhamana ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni. Petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 kwa lita tangu Septemba 2023. Kuituliza shilingi, Benki Kuu yetu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa riba kali, ikauza na dhamana za miundombinu hapa nyumbani zenye faida ya zaidi ya asilimia 18. Shilingi ilirudi karibu na 130 kufikia Aprili.

Mwezi huo huo wa Februari riba ya Benki Kuu ya Uganda ilikuwa asilimia 9.5. Ya Tanzania ilikuwa 5.5. Kumi na tatu, tisa na nusu, tano na nusu: nchi tatu zilizo jirani, zenye mvua moja na masoko yanayoingiliana, zilihitaji dawa tatu tofauti kabisa. Lau tungekuwa na benki moja, ingechagua riba gani? Ingechagua 13, mkulima wa Mbeya na mwenye duka wa Mbarara wangelipia madeni ya Nairobi. Ingechagua 6, fedha zingezidi kuikimbia Kenya, na kwa kuwa hatungekuwa na shilingi yetu ya kushuka thamani, marekebisho yangepitia njia iliyobaki: mishahara kupunguzwa, kazi kupotea, kodi kupanda. Sisi Nakuru tulishaona Juni 2024 vijana walivyojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Kila njia ya kutuliza dhoruba inayofungwa inaielekeza dhoruba hiyo kwenye kodi na ajira.

Ugiriki iliyajua hayo. Ilikuwa ndani ya yuro mgogoro wa madeni ulipoibana kuanzia 2010, haikuwa na sarafu ya kushusha, na ukosefu wa kazi ulifika zaidi ya asilimia 27 mwaka 2013. Nchi kumi na tatu za Afrika zilizokuwa zikitumia faranga ya CFA zilipata funzo jingine: Januari 1994 thamani ya faranga hiyo ilikatwa nusu mbele ya faranga ya Ufaransa kwa mkupuo mmoja, na wafanyakazi wa Dakar hadi Libreville waliamka na mshahara ule ule usionunua yale yale.

Walioandika itifaki yetu hawakuwa wajinga. Waliweka masharti. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50 kwa hesabu ya thamani yake ya sasa. Akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Nchi iyatimize yote kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuingia. Sasa geukia sheria za Kenya. Mwaka 2023 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma na kuweka kikomo cha deni cha asilimia 55 kwa hesabu hiyo hiyo, na nafasi ya kuvuka kwa asilimia 5 zaidi. Sheria yetu wenyewe, iliyotungwa miaka kumi baada ya sahihi za Kampala, inaruhusu kisichoruhusiwa na Itifaki. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi kwamba sahihi ile haijawahi kuongoza bajeti ya nchi hii.

Na masharti hayo, hata yakitimizwa, hayasemi nani atamsaidia nani. Akina mama wa Bahati wanaoendesha chama cha kuchangiana wanajua kwamba siku mwanachama mmoja anapofiwa au ng'ombe wake wanapokufa, kanuni inasema wazi wenzake watamchangia kiasi gani na atarudisha vipi. Umoja wa fedha wa Afrika Mashariki bado hauna mfuko wa namna hiyo. Jumuiya yenyewe kila mwaka huhangaika na nchi zisizolipa michango yao, mpaka vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kuahirishwa kwa kukosa fedha. Ukame ukiipiga Kenya wakati Tanzania imevuna, ni kapu lipi litakalofunguliwa?

Kisha kuna soko. Hoja kuu ya sarafu moja ni biashara: mfanyabiashara asipoteze fedha kubadilisha shilingi kuwa dola na dola kuwa shilingi nyingine. Ni hoja nzuri, na madereva wa malori yanayopita Nakuru kwenda Malaba wanaijua gharama hiyo. Lakini kinachozuia mzigo mara nyingi ni amri ya serikali, wala si tofauti ya noti. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, halafu siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Maziwa ya Uganda yamezuiliwa kuingia Kenya zaidi ya mara moja. Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya pale Namanga. Mwaka 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni, Wakenya wakiwemo, kufanya biashara ndogo kadhaa, hata uwakala wa kutuma fedha kwa simu.

Mkulima wa maziwa wa Bahati anaweza kuwa na maslahi katika kuzuia maziwa ya Uganda, na sitamlaumu. Bei ikishuka ni watoto wake wanaokosa karo. Lakini hawezi kulindwa na mpaka na pia kuwa na sarafu moja na waliozuiliwa. Serikali zinazochoma vifaranga vya jirani hazijafika mahali pa kukabidhiana funguo za benki kuu. Mambo haya yaanze na maziwa na mahindi, na vipimo vya ubora vinavyokubalika pande zote, na mahakama ya Jumuiya kule Arusha inayotiiwa. Vitunguu vya Tanzania vinavyojaa sokoni Nakuru vinathibitisha kwamba watu wako tayari kuuziana bila kusubiri noti mpya.

Kuna pia jambo zito kuliko hesabu zote. Rwanda na Kongo ni wanachama wa Jumuiya moja. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23, ambao Umoja wa Mataifa umesema wanasaidiwa na Rwanda, waliuteka mji wa Goma, na benki za mji huo zikafunga milango. Wakazi walikaa na akaunti zenye fedha wasizoweza kuzitoa. Sarafu ni ahadi ya watu kuaminiana kesho. Siwezi kuona jinsi Kigali na Kinshasa zitakavyokaa kwenye bodi moja ya benki hali ikiwa hivyo, na simpi haki yeyote kutuambia suala hilo ni la wataalamu wa uchumi peke yao.

Wanaopinga msimamo wangu wana hoja moja ambayo ni lazima niikabili, kwa sababu ni ya kweli na iliwaumiza watu wa hapa. Shilingi huru imewahi kutumiwa vibaya na wale wale tuliowakabidhi. Kuelekea uchaguzi wa 1992 na baada yake fedha ziliingizwa katika mzunguko kiholela, kashfa ya Goldenberg ikachota mabilioni kupitia mauzo ya dhahabu yasiyokuwepo, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Mwalimu, askari na muuza mboga waliona mapato yao yakiyeyuka mikononi. Benki moja ya kanda, hoja inasema, ingewafunga mikono wanasiasa wa Nairobi.

Najibu hivi. Dawa ya maradhi yale tumekwisha kuiandika wenyewe. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinaipa Benki Kuu ya Kenya jukumu la kutoa sarafu na kulinda uthabiti wa bei, na kinakataza mtu au mamlaka yoyote kuielekeza. Ulinzi huo haujakamilika, lakini gavana wa Benki Kuu yetu anaweza kuitwa na Kamati ya Bunge, anaweza kuhojiwa na gazeti, anaweza kushtakiwa katika mahakama zetu. Gavana wa benki ya kanda atawajibika kwa nani mkulima wa Dundori akiumia? Zimbabwe iliachana na sarafu yake mwaka 2009 baada ya kuiharibu kabisa, ikatumia dola. Bei zilitulia, lakini miaka michache baadaye ilijikuta haina noti za kutosha, na imekuwa ikijaribu sarafu mpya tangu hapo. Kumkabidhi mtu mwingine kalamu hakumfundishi mwenye nyumba kutunza daftari.

Ndiyo maana naomba mambo mawili ya karibu. La kwanza, Itifaki ichapishwe kwa Kiswahili chepesi na kujadiliwa kwenye baraza za machifu na vikao vya kaunti, pamoja na jibu la maandishi kuhusu madeni: aliyekopa shilingi 300,000 mwaka 2030 atalipa kiasi gani cha fedha mpya, na nani atafidiwa kiwango cha ubadilishaji kikimdhulumu. Tuliona mwaka 2019 noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipopewa muda wa kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Septemba. Muda ulipokwisha, shilingi zipatazo bilioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Nyingi huenda zilikuwa fedha za waliokuwa wakizificha. Lakini bibi anayeishi mbali na benki na kuweka akiba yake ndani ya nyumba naye alikimbizana na tarehe ile ile. Hapo tulikuwa tunabadilisha noti tu, thamani ikibaki ile ile.

La pili linahusu kura. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Bunge litakalochaguliwa siku hiyo litakaa hadi 2032, kwa hiyo ndilo litakalokuwa kwenye viti mwaka 2031, na ndilo litakaloombwa kubadilisha kifungu cha 231 ikiwa shilingi itaachwa. Wagombea wa ubunge wa Bahati watapita Maili Kumi, Kabatini na Lanet wakiahidi lami na maji. Waulizwe watapiga kura gani kuhusu shilingi, na majibu yao yaandikwe pamoja na tarehe.